Je, Wajua? Kiuno cha Jirani na Mfuko wa Bima

Asubuhi moja mama mnene alipanda daladala tuliyokuwemo, ameshika kadi ya kliniki na chupa ya maji. Konda akamtaka alipe nauli ya watu wawili. Baadhi ya abiria wakacheka. Mzee mmoja aliyevaa shati la ofisini akaongeza: "Hawa ndio wanaotumalizia hela za bima. Wanakula wao, tunalipa sisi." Yule mama akageuzia uso dirishani, hakusema neno hadi aliposhuka. Nami sikusema neno, na kunyamaza kule kumenikaa kooni mpaka leo. Safu hii ni ya yule mzee, popote alipo. Ni mambo ambayo ningependa ayasikie.

Je, wajua kwamba katika hesabu moja mashuhuri, aliyegharimu zaidi kwa matibabu maishani mwake hakuwa mnene wala mvutaji sigara, bali mwenye afya njema? Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha makadirio ya gharama za matibabu ya mtu tangu umri wa miaka 20 hadi kufa. Asiye mnene na asiyevuta sigara: euro 281,000. Mnene: euro 250,000. Mvutaji: euro 220,000. Sababu yake ni nyepesi na inasikitisha. Mvutaji alitarajiwa kufikisha miaka 77 hivi, mnene 80, na mwenye afya 84. Miaka ile ya nyongeza ndiyo miaka ya mtoto wa jicho, ya nyonga iliyovunjika, ya kusahau majina ya wajukuu na kuuguzwa kitandani.

Haki ya mzee wetu nayo tumpe. Ukihesabu mwaka mmoja mmoja badala ya maisha mazima, mnene ndiye aliyegharimu zaidi hadi karibu umri wa miaka 56, na mfuko wa bima hufunga vitabu vyake kila mwaka, hausubiri mtu afike 84. Tena zile ni hesabu za Uholanzi, nchi ambayo mzee hutunzwa kwa fedha za umma. Kwetu mzee hutunzwa na binti yake, na hakuna bima inayomlipa binti huyo. Kwa hiyo sithubutu kuzihamisha namba zile hadi Tandika au Kisumu kama zilivyo. Hapa kwetu kisukari kinachoishia kwenye figo, na mgonjwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, ni mzigo mzito kwa mfuko wowote. Lakini anayesema "mnene anatula" kana kwamba jambo hilo halihitaji kupigiwa hesabu, hesabu hajaifanya.

Je, wajua kwamba kipimo tunachokitumia kumwita mtu mnene hakikubuniwa na daktari? Ni kazi ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtaalamu wa nyota na takwimu, akitafuta sura ya "mtu wa wastani" katika umma. Unachukua uzito kwa kilo, unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. Ukipata 30 au zaidi, hicho ndicho wataalamu wetu wa lishe wanakiita kiribatumbo. Waliotangulia kuugeuza uzito wa mtu kuwa jambo la fedha ni kampuni za bima ya maisha za Marekani: majedwali ya Metropolitan Life ya miaka ya 1940 yalitumika kwa miongo mingi kuwaambia watu uzito gani "unafaa". Kwa hiyo bima na kiuno ni jamaa wa siku nyingi.

Je, wajua kwamba mwaka 2022, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na kiribatumbo? Sogea karibu. Nchini Kenya, wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa asilimia 25 katika utafiti wa kitaifa wa 2008–09. Utafiti wa 2014 ukawakuta wamefika asilimia 33. Tanzania ilitoka asilimia 18 mwaka 2004–05 hadi 28 mwaka 2015–16, na mijini idadi ilikuwa karibu mara mbili ya vijijini.

Hapo ningemwomba mzee anijibu kwa utulivu. Je, ndani ya miaka kumi mamilioni ya wanawake hawa walikubaliana kuwa walafi? Au kuna kitu kilichobadilika nje yao: mafuta ya kula yanayopimwa kwa kijiko kila duka la mtaa, soda inayofika hata pale ambapo maji ya bomba hayajafika, chipsi kila kona, bodaboda inayokupokea mlangoni, kazi ya kukaa kutwa? Mtu mmoja akinenepa unaweza kumuuliza yeye. Nchi nzima ikinenepa, uliza nchi.

Je, wajua kwamba Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wamewafundisha wanasayansi jambo ambalo walimu wengi wa mazoezi hawapendi kulisikia? Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe watu wazima 30. Waliwanywesha maji maalumu yanayowezesha kujua mwili umeunguza nishati kiasi gani kwa siku. Hawa ni watu wanaowinda kwa upinde, wanachimba mizizi, wanarina asali, wanatembea kilomita nyingi kila siku. Kila mtu alitarajia waunguze nishati nyingi mno. Lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, Wahadzabe waliunguza sawasawa na watu wazima wa Marekani na Ulaya wanaofanya kazi za kukaa.

Mwili una bajeti yake. Ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana kwingine. Sisemi watu waache kutembea, la hasha. Kutembea kunaulinda moyo na kushusha sukari ya damu, na Wahadzabe wana mioyo ya kuonewa wivu. Ninachosema ni kwamba ile kauli ya "mvivu huyo, ndiyo maana kanenepa" haina mizizi mirefu kama tunavyodhani. Mzizi mkubwa zaidi uko kwenye sahani.

Na sahani je, tunaichagua? Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake huko Bethesda, Marekani, waliwaweka watu 20 ndani ya wodi ya utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa hivyo. Milo ilioanishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale anavyotaka, ashibe. Katika zile wiki za vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, na wakaongezeka karibu kilo moja. Zile nyingine mbili, wakapungua karibu kilo hiyo hiyo. Watu ni wale wale, nia ni ile ile. Kilichobadilika ni chakula.

Je, wajua kwamba watoto 540 waliolelewa na familia zisizo zao nchini Denmark, walipopimwa wakiwa watu wazima katika utafiti wa mwaka 1986, maumbo yao yaliwafuata wazazi waliowazaa na si wale waliowalea? Meza waliyokulia haikuacha alama iliyotarajiwa. Damu iliacha.

Kuna na la kusikitisha zaidi. Majira ya baridi ya 1944–45 majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, watu wakafa njaa. Miaka 19 baadaye, vijana wa kiume ambao mama zao walikuwa na mimba changa wakati wa njaa ile walipopimwa kwa ajili ya jeshi, walikutwa na kiribatumbo zaidi kuliko wenzao. Mtoto tumboni alijifunza kwamba dunia haina chakula, akajipanga kuhifadhi. Mimi nikisoma habari hizo huwaza ni akina mama wangapi wa kwetu waliobeba mimba katika miaka ya njaa, na watoto wao ambao leo wanachekwa­chekwa kwenye daladala.

Je, wajua mwili hujitetea? Mwaka 2016 watafiti waliwapima washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha Marekani cha kupunguza uzito, The Biggest Loser, miaka sita baada ya mashindano. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza. Miili yao iliunguza takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita! Anayekuambia "nilipungua nikarudi" hakudanganyi, na wala hakulegea.

Je, wajua ni kwa nini katika ukanda wetu unene ulikuja kuheshimiwa hata zaidi kuliko zamani? Mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa mpya uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai, kusini mwa Uganda. Wenyeji waliuita "Slim", kwa sababu mgonjwa aliisha mwili. Ulikuwa Ukimwi. Wale tuliokua miaka ya 1990 tunakumbuka mtu akikonda kidogo tu, minong'ono ilianza uani kabla hajafika hospitali. Mwenye mwili aliambiwa "umenawiri", na neno lile lilikuwa na maana ya "wewe bado ni mzima". Leo tunamgeukia mwanamke yule yule, kwa mwili ule ule tuliomsifia, tunamwambia anatutia hasara.

Je, wajua kwamba Ulaya na Marekani unene, hasa kwa wanawake, umewaelemea zaidi maskini, ilhali Kenya na Tanzania bado umewaelemea wenye nafasi? Faini ya kiuno mjini London ingemchapa msafisha ofisi. Nairobi ya leo ingemchapa mwenye ofisi. Lakini hali hiyo inageuka: vyakula vya bei nafuu kabisa vinazidi kuwa vile vyenye unga mweupe, sukari na mafuta. Chungwa moja na maandazi mawili, ukiwa na mia chache mfukoni na njaa ya tangu jana, utanunua kipi?

Je, wajua habari ya mikia ya bata mzinga? Mikia hiyo ina mafuta mengi, Wamarekani wenyewe hawaili sana, ikawa inasafirishwa kwa bei ya chini hadi visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2007 Samoa iliipiga marufuku kwa ajili ya afya ya watu wake. Ilipotaka kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, ikalazimika kukubali kuiondoa marufuku ile. Ikajiunga mwaka 2012. Siku mtu atakapokuambia kwamba Msamoa kajichagulia unene wake, mweleze nani alikaa mezani siku ya kuchagua.

Je, wajua kodi ya soda inafanya kazi kwa njia mbili tofauti? Mexico iliweka peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari kuanzia Januari 2014. Mwaka wa kwanza manunuzi yalishuka kwa wastani wa asilimia 6 hivi, na yalishuka zaidi katika nyumba maskini. Hapo aliyeguswa ni mnunuzi. Uingereza ilienda kwingine: kodi yake ya Aprili 2018 ilipangwa kwa madaraja ya sukari, kwa hiyo kiwanda kilichopunguza sukari kiliponyoka kodi. Viwanda vingi vikapunguza kabla siku haijafika, na mnywaji hakuhitaji kuhubiriwa na mtu. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipenda mimi, maana inamgusa mwenye sufuria.

Oman, ambako ndugu zetu wengi wana makazi, ilitoza asilimia 50 kwenye soda na asilimia 100 kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu kuanzia Juni 2019. Denmark nayo ilitoza kodi ya mafuta yaliyomo kwenye vyakula mwaka 2011, ikaifuta baada ya miezi 15: watu walikuwa wakivuka mpaka kwenda kununua siagi Ujerumani.

Na soda yenyewe? Chupa moja ya kioo tuliyoizoea ina zaidi ya gramu 30 za sukari, kama vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Chupa moja ya msibani imeshavuka ile 25.

Je, wajua kwamba Japani hupima viuno vya watu wake kwa sheria? Tangu 2008 kila mwenye bima wa miaka 40 hadi 74 anatakiwa kupimwa kila mwaka. Kikomo ni sentimita 85 kwa mwanamume na 90 kwa mwanamke. Wengi nje ya Japani husimulia kwamba mnene hupigwa faini. Si kweli. Aliyezidi na mwenye dalili za hatari hupewa ushauri wa afya. Anayeweza kubanwa kifedha ni mfuko wa bima usiopima wala kushauri watu wake vya kutosha. Yaani wajibu umepandishwa juu, kwa mwenye daftari na fedha.

Je, wajua kuhama mtaa kunaweza kupunguza kisukari? Miaka ya 1990 serikali ya Marekani iliwapa kwa bahati nasibu baadhi ya akina mama wa mitaa fukara ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York msaada wa kodi ya nyumba ili wahamie mitaa yenye umaskini mdogo. Hakuna aliyewaambia neno kuhusu chakula. Zaidi ya miaka kumi baadaye, waliopewa nafasi hiyo walikuwa na unene wa kupindukia na kisukari kidogo kuliko wenzao waliobaki. Huwa naikumbuka habari hiyo ninapotembea barabara zetu zisizo na njia ya waendao kwa miguu, bega moja kwenye ukuta na jingine likiguswa na kioo cha gari. Kigali angalau imejaribu: tangu 2016 hufunga barabara kadhaa kwa magari Jumapili maalumu, watu hutembea na kukimbia, na siku zile hupimwa presha na sukari bure.

Je, wajua mchango wako wa bima unapimwa kwa nini? Ujerumani ilipoanzisha bima ya ugonjwa ya lazima kwa wafanyakazi mwaka 1883, makato yalifuata mshahara. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, ulioundwa kwa sheria ya 1999, humkata mtumishi wa umma asilimia 3 na mwajiri wake huongeza 3. Kenya, tangu Oktoba 2024, humkata mwenye ajira asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Makato hayo hayaulizi kiuno. Tunachanga kwa uwezo, tunatibiwa kwa uhitaji.

Sheria ya Marekani ya 2010 ilikataza bima za watu binafsi kumtoza mtu zaidi kwa ajili ya maradhi yake, ila iliruhusu mvuta tumbaku atozwe hadi asilimia 50 ya ziada. Wapo wanaotaka unene ufuatie. Nami nawauliza: tukianza kuhesabiana, tunaishia wapi? Wodi zetu za mifupa zimejaa majeruhi wa bodaboda, na abiria waliopanda bila kofia ngumu walichagua. Yupo anayekunywa pombe, yupo anayechelewa kupima, yupo anayeongeza chumvi kabla ya kuonja. Kwenye msiba tunachangisha kwa daftari, na daftari lile halina safu ya kuuliza marehemu alikufa kwa kosa la nani.

Je, wajua, mwisho, kwamba uamuzi wa mtu una nguvu kweli ukipewa msaada? Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililowashirikisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya metformini walipungua kwa asilimia 31. Jaribio lilisimamishwa mwaka mmoja kabla ya wakati kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana. Lakini tazama walichopewa watu wale: kila mmoja alikuwa na mkufunzi wake, masomo 16 ya ana kwa ana, ya kupika, kununua, kutembea, kuanguka na kuanza tena.

Shangazi yangu ana kisukari na ana mwili. Siku niliyomsindikiza kliniki alikaa foleni tangu saa 12 asubuhi, akaingia kwa daktari karibu saa 6 mchana, akatoka baada ya dakika chache na karatasi ya dawa. Nilimuuliza ameambiwa nini. Akasema ameambiwa apunguze kula.

Tulitembea hadi kituoni polepole, kwa sababu magoti yalikuwa yakimuuma. Kivulini akasimama, akaniuliza: "Mwanangu, asubuhi nakunywa chai na chapati, usiku nakula ugali na mboga. Nipunguze kipi?"